Njia ya Treni Isiyo na Treni: Kwa Baiskeli kutoka Spoleto hadi Norcia

Ukishuka kwenye treni Spoleto, mji wa Italia ya kati, na kutoka nje ya kituo, kitu cha kwanza kinachokupokea ni sanamu kubwa ya chuma cheusi, yenye kimo cha mita 18, iliyosimamishwa na Mmarekani Alexander Calder mwaka 1962, ambayo miguu yake imetanuka kiasi kwamba mtu na baiskeli yake hupita chini yake bila kuinama. Mimi na mdogo wangu Salim tulipita hapo asubuhi moja ya mwisho wa Mei, mikoba ikiwa imefungwa kwenye keria, tukielekea kituo kingine kidogo ambacho hakijapokea treni tangu mwaka 1968. Kutoka kituo hicho huanza njia ya changarawe inayopanda mlimani na kushuka upande wa pili hadi bonde la mto Nera, kisha ikaufuata mto kwenda juu mpaka Norcia, mji ulio karibu na mwisho wa mkoa wa Umbria upande wa mashariki. Nimeipita njia hiyo mara nne sasa, na kila mara nimerudi nikiwa na hamu ya kuieleza kwa Kiswahili, kwa sababu sijawahi kukutana na Mswahili mwenzangu aliyeisikia.

Mimi ni muuguzi Perugia, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka Spoleto. Zamu za usiku zina namna yake ya kubaki masikioni: mashine zinazolia kwa vipindi, kengele za wagonjwa, magurudumu ya vitanda vinavyosukumwa kwenye korido ndefu. Baada ya zamu nne mfululizo ninachokitaka kuliko usingizi ni mahali ambapo hakuna kitu kinacholia kwa ajili ya kuniita. Nilinunua baiskeli kwa sababu hiyo, nikidhani kwamba nchi yenye mashamba mazuri namna hii itakuwa na njia nyingi za utulivu. Ilinichukua mwaka mzima kutambua kwamba utulivu wa Umbria unapatikana kwa shida.

Shida yenyewe imetokana na jinsi nchi ilivyo. Umbria haina pwani, na sehemu kubwa yake ni vilima vilivyosongamana, huku vijiji vyake vya kale vikiwa vimejengwa juu ya vilele kwa sababu za ulinzi. Barabara zenye mwinuko wa upole hupita mabondeni, na mabondeni ndiko yaliko malori. Barabara zisizo na magari ni zile zinazopanda kwenye malango ya vijiji, nazo hupanda kama ngazi: mwinuko wa asilimia 10 ni wa kawaida, na mara nyingi unaongezeka pale pale mtu anapodhani amefika. Mwendesha baiskeli mwenye mizigo hujikuta akichagua kati ya kuhema mpaka asisikie chochote isipokuwa moyo wake, na kupanda kwa starehe huku lori likimpita karibu na kiwiko. Vyote viwili, upole wa mwinuko na ukimya wa barabara, haviwekwi pamoja na maumbile ya milima. Lazima mtu avitengeneze, na hapa walivitengeneza watu ambao hawakuwa wakimfikiria mwendesha baiskeli hata kidogo.

Reli ya Spoleto hadi Norcia ilianza kujengwa mwaka 1913, ikacheleweshwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ikafunguliwa mwaka 1926. Aliyeisanifu ni mhandisi Mswisi, Erwin Thomann, ambaye alileta katika milima ya Apennini maarifa ambayo wahandisi wa nchi yake walikuwa wameyapata katika kuipasua milima ya Alpi, ndiyo maana wenyeji hupenda kuiita Gottardo ya Umbria, kwa jina la reli maarufu inayopenya Alpi za Uswisi. Ilikuwa na urefu wa kilomita 51, na ndani ya kilomita hizo kulikuwa na mahandaki 19 na madaraja 24. Treni zake ziliendeshwa kwa umeme tangu mwanzo. Upana kati ya chuma na chuma ulikuwa milimita 950, yaani pungufu kwa sentimita 5 tu ya reli ya mita niliyoizoea utotoni Korogwe, ambako tulikuwa tukienda shuleni kwa kuruka taruma hadi taruma katika miaka ambayo treni ya abiria ilikuwa imekoma kupita. Labda ndiyo sababu njia hii niliiamini mapema kuliko nilivyostahili kuiamini.

Jambo ambalo kila mwendesha baiskeli anapaswa kulielewa kabla ya kufika ni namna treni inavyopanda mlima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina mshiko mdogo sana, kwa hiyo mwinuko ambao gari dogo lingeupita bila dereva kubadili gia huifanya treni iteleze papo hapo. Thomann alijiwekea mpaka wa milimita 45 kwa kila mita, yaani asilimia 4.5, ambao kwa treni ya kawaida ni mkali na kwa baiskeli ni wa huruma. Ili asiuvuke mpaka huo alilazimika kuirefusha njia: pale ambapo mlima ulikuwa mkali aliizungusha reli ubavuni, akaiingiza ndani ya mwamba, akaipindua ndani kwa ndani, akaitoa juu zaidi ikitazama upande ule ule ilikotoka. Wewe unayefika leo na mizigo yako unapokea matokeo ya hesabu hiyo. Unachagua gia moja, unaketi, na kwa zaidi ya saa moja huhitaji kuibadilisha. Miguu inapata mdundo wake na pumzi inaufuata, mpaka unafika wakati ambao kupanda hakukushughulishi tena, ukabaki na macho na masikio tu.

Salim, ambaye ana miaka 24 na alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Muscat, hakuuamini mwinuko huo. Alikuwa akinitangulia kwa kasi kila baada ya dakika chache, kisha akisubiri kwenye pembe ya njia huku ameshusha mguu.

"Dada, mlima wenyewe unaanza wapi?" aliniuliza mara ya tatu.

"Tumo ndani yake tangu tulipoondoka mjini," nilimwambia. "Geuka uangalie."

Aligeuka. Bonde la Spoleto lilikuwa chini yetu, ngome yake ikiwa ndogo kama sanduku, na barabara kuu ya magari ikionekana kama uzi unaometa bila sauti yoyote kutufikia. Nadhani ni hapo alipopunguza mwendo, na tangu wakati huo tuliendesha sambamba, kwa sababu njia ni pana ya kutosha watu wawili wanaotaka kuzungumza, au wanaotaka kukaa kimya pamoja.

Ukimya huo nao una mambo yake. Ukiyaondoa magari, husikii utupu, unasikia vitu kwa mpangilio wa ukaribu wao: changarawe chini ya tairi, mnyororo, kitambaa cha mkoba kinachosugua keria, kisha ndege, kisha mbwa wa shambani aliye ng'ambo ya korongo, kisha kengele ya kanisa ambalo hulioni. Sikio linaanza kupima umbali upya. Siku ile nilimsikia mtu akipasua kuni mbali sana, nikaliona shoka lake likishuka kwanza na sauti yake ikifika baadaye. Tulipopumzika chini ya miti ya mialoni Salim aliokota mwiba mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe, akanitazama kwa mshangao, kwa kuwa alidhani anaufahamu. Alikuwa sahihi. Nungunungu wa Italia ya kati ni wa aina ile ile inayopatikana Afrika, na wako watu wengi wanaoamini kwamba Warumi ndio waliomleta. Aliuhifadhi mwiba ule ndani ya mfuko wa shati mpaka mwisho wa safari.

Kilele cha njia kimo ndani ya mlima. Handaki la Caprareccia, katika kimo cha zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, lina urefu wa karibu kilomita 2, na halina taa. Hapa ninaomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu nimeona watu wakiingia humo na mwanga wa simu tu. Mwanga wa simu unatosha kumwonyesha mtu mikono yake. Humo ndani sakafu ina madimbwi na matope, maji hudondoka kutoka darini, na baridi yake mwezi wa Mei ni ya kuvalia koti. Mara yangu ya kwanza nilikuwa peke yangu na taa niliyouziwa dukani kwa maneno mengi ya sifa, ikazimika baada ya mwendo wa dakika tatu. Nilishuka, nikashika ukuta kwa mkono mmoja na baiskeli kwa mkono mwingine, nikatembea gizani kwa muda ambao sikuweza kuupima, nikiisikia pumzi yangu ikirudi kutoka kwenye mawe. Hofu niliyoipata ilikuwa ya kweli na siioni kuwa ni ya aibu. Tangu siku ile ninabeba taa mbili na betri za akiba, na yeyote ninayeongozana naye ninamkagua kabla hatujatoka nyumbani.

Na Salim tuliingia tukiwa na taa nne. Kwa sehemu kubwa ya handaki huoni chochote mbele, kisha inatokea nukta ya mwanga, ndogo kama punje ya mchele, ambayo hudumu kuwa ndogo kwa muda mrefu kuliko akili inavyokubali. Popo wawili walitupita. Tulipotoka upande wa pili hewa ya joto ilitupiga usoni, na harufu ilikuwa nyingine kabisa, ya maua ya manjano ya vichaka vya milimani. Katika zamu zangu za usiku nimewaona watu wengi wakitoka kwenye giza la maumivu, nami kila ninapotoka Caprareccia huwa ninawakumbuka kwa majina, jambo ambalo sijamweleza mtu yeyote mpaka leo.

Upande wa pili mlima unaanguka kwa ghafla kuelekea mto Nera, na ni hapa Thomann alipofanya kazi yake ya ajabu zaidi. Njia inazunguka, inaingia handakini, inapinda ndani ya mwamba na kutokea chini ya mahali ilipoingilia, inavuka daraja la matao, kisha inarudi tena kulitazama daraja hilo kutoka chini. Salim alisimamisha baiskeli akaonyesha matao yaliyokuwa juu ya vichwa vyetu.

"Dada, lile daraja si ndilo tulilopita sasa hivi?"

Ndilo lenyewe. Wapo watu wanaokodi gari liwapandishe mpaka juu, wakaanzia hapa, wakateremka bila kukanyaga pedeli. Sina haki ya kuwakataza, na wengine wana magoti yanayowalazimisha, ila kwa mwenye afya nitasema wazi kwamba amejinyima nusu bora. Anayeteremka anapitishwa na mlima, macho yake yako kwenye breki na changarawe, na kelele ya upepo inaziba mengine yote. Kupanda kutoka Spoleto ndiko kunakokupa masikio, na mteremko huu wa madaraja unaeleweka tu kwa mtu ambaye miguu yake imekwisha kujifunza asilimia 4.5 ni nini.

Chini kabisa kuna Sant'Anatolia di Narco, kijiji chenye kuta za mawe na jumba dogo la makumbusho la nyuzi za mbangi, mmea ambao bonde hili lililima kwa vizazi vingi kwa ajili ya kamba, shuka na magunia. Kwa mtu aliyekulia mkoa wa Tanga, katikati ya mkonge, jumba lile halipitwi. Nyuzi zililowekwa majini, zikapondwa, zikachanwa, zikafumwa na wanawake kwenye vitanda vya mfumi vya mbao, na ukizigusa unajua mara moja ni ndugu wa zile tulizokuwa tukisokota kamba za kufungia mbuzi.

Nje, kwenye benchi lililoegemea ukuta, bibi mmoja alituuliza tumetoka wapi, na tulipomjibu kwamba tumekuja kwa njia ya treni alinishika mkono, akaniita mwanangu, akaanza kusimulia. Alikuwa akiipanda treni ile akiwa msichana kwenda Spoleto kuuza mayai pamoja na mama yake. Anakumbuka viti vya mbao, na handaki refu ambamo watoto walikuwa wakipiga kelele kwa makusudi. Ilipofungwa mwaka 1968 walipewa basi, na basi, alisema, lilifika lilipotaka. Vijana waliokuwa wakirudi nyumbani kila jioni walianza kurudi kila Jumamosi, kisha kila Krismasi. Baadaye barabara ya magari nayo ikapata handaki lake chini ya mlima, magari yakaacha kuzunguka juu, na njia ya treni ikabaki na mbuzi na miiba mpaka ilipotengenezwa kwa ajili ya watembea kwa miguu na baiskeli.

Maneno yake yamekaa nami kwa sababu yananieleza bei ya kitu ninachokipenda. Utulivu ninaokuja kuutafuta ulinunuliwa kwa vituo vilivyofungwa na kwa nyumba za walinzi wa reli ambazo sasa hazina milango. Sioni kwamba ningepaswa kwa hiyo kuacha kuja. Nimekuwa tu na mazoea ya kutobeba chakula kutoka Perugia: mkate, jibini, kahawa na chumba cha kulala ninavinunua bondeni, kwa watu waliobaki, na ninawaomba wengine wafanye hivyo hivyo. Baiskeli mbili zikilala kijijini usiku mmoja zinaacha fedha ambayo gari linalopita handakini kwa dakika chache haliiachi.

Kutoka Sant'Anatolia njia inakwenda na mto, na mwinuko unakuwa mdogo kiasi cha kutoonekana. Karibu na Castel San Felice kuna kanisa la karne ya 12 ambalo uso wake umechongwa mtakatifu akimuua joka, na wenyeji watakwambia kwamba joka lile ni bonde lenyewe lilivyokuwa kabla watawa hawajayakausha mabwawa yake yaliyoleta homa. Kama muuguzi nilisimama mbele ya mchongo ule kwa muda mrefu. Nimetoka nchi ambako joka hilo bado linaua, nasi tunaliita malaria. Mto Nera ni wa kijani na baridi, na samaki wake wa trauti huuzwa katika migahawa yote ya kando. Tulilala chumba cha juu ya mgahawa mmoja wa namna hiyo, dirisha wazi, na usiku kucha hapakuwa na sauti isipokuwa maji.

Siku ya pili haikuwa kimya kama ya kwanza, na ni haki niseme. Yapo maeneo ambapo njia ya reli imekatika au imemezwa na barabara, ukalazimika kukaa pamoja na magari kwa muda, na maporomoko ya mawe huwafanya wenye mamlaka wafunge vipande vingine, hivyo inafaa kuuliza kila asubuhi kabla ya kuondoka. Baada ya Triponzo, kijiji chenye maji ya moto ya kiberiti, njia inauacha mto Nera na kuufuata mto Corno ndani ya korongo jembamba ambako reli ilichongewa ubavuni mwa mwamba. Huko ukimya hurudi kwa nguvu. Kuta zinainuka pande zote mbili, anga linabaki ukanda, na mtu akisema neno kwa sauti ya kawaida mwenzake humsikia akiwa mita 50 nyuma. Salim alisoma aya chache kwa sauti ya chini pale, kwa mahadhi aliyofundishwa na babu yetu, na jiwe likamwitikia. Hatukuzungumza tena mpaka korongo lilipofunguka.

Norcia iko kwenye uwanda, katika kimo cha takriban mita 600, imezungukwa na ukuta wenye umbo la moyo na milima mirefu nyuma yake. Tarehe 30 Oktoba 2016 tetemeko la ukubwa wa 6.5 liliupiga mji huu, likaliangusha kanisa la Mtakatifu Benedikto, ambaye alizaliwa hapa karibu na mwaka 480, likaacha uso wake wa mbele tu umesimama. Nilipofika mara ya kwanza winchi zilikuwa nyingi kuliko minara. Njia ya treni yenyewe iliumia pia. Ninapoona changarawe mpya iliyotandazwa vizuri kwenye kipande ambacho mwaka uliotangulia kilikuwa mawe, nikafikiri juu ya watu ambao nyumba zao zilikuwa bado hazijakamilika lakini wakaona kwamba njia ya wapita njia nayo inastahili kurudishwa, moyo wangu hujaa shukrani.

Mji huu unajulikana kote Italia kwa nyama ya nguruwe, kiasi kwamba wauzaji wa nyama hiyo hata Roma huitwa kwa jina la Norcia. Sisi hatuli, na hatukukosa. Juu zaidi, katika nyanda za Castelluccio zilizo karibu na kimo cha mita 1,400, hulimwa dengu ndogo sana ambazo hazihitaji kulowekwa, nazo hupikwa kwa kitunguu saumu, figili ya majani na mafuta ya zeituni, zikaliwa na mkate wa Umbria usiotiwa chumvi. Mama mwenye mgahawa alituletea sahani ya pili bila kuombwa. Salim alisema zinakosa nazi tu.

Kesho yake tuliteremka mpaka Sant'Anatolia kabla ya saa sita mchana. Kituo cha basi kiko barabarani, na basi lingetufikisha Spoleto kupitia handaki la magari kabla chai haijapoa. Nilimwambia mdogo wangu kwamba ana mizigo, ana safari ya ndege keshokutwa, na hakuna atakayemlaumu. Aliangalia juu, kule ambako matao ya kwanza yanaonekana kati ya miti, akautoa mwiba wa nungunungu mfukoni na kuuchomeka kwenye mkoba wa mbele ili usivunjike, kisha akaniomba betri za akiba. Tulifika mdomoni mwa Caprareccia saa kumi alasiri. Aliwasha taa yake kabla yangu, akakagua ya kwangu, akaingia.